UZI: Pinboli ya Williams ya 1979 imekuwa bubu, inanguruma tu. Mafundi wa Mbeya na Iringa njooni

Mshua wa Mafiati (mleta uzi)

Wakuu, poleni na baridi. Huku Mbeya mwezi huu wa saba ukifungua bomba alfajiri maji yanang'ata vidole.

Nina mashine ya pinboli hapa kibaruani kwangu. Kwa asiyeijua: ni meza ndefu yenye kioo juu, imeinama kidogo, unapiga gololi ya chuma kwa vibawa viwili, inagonga vitu na namba zinapanda. Siyo dubwi. Haitoi hela, inakula muda wako tu. Niliinunua Tukuyu kwa mzungu aliyekuwa anauza vitu vyake aondoke kwenye mashamba ya chai. Ilikaa stoo miaka mingi, na mvua ya Tukuyu mnaijua.

Ni Gorgar, imetengenezwa na Williams wa Chicago mwaka 1979. Ndiyo pinboli ya kwanza iliyoingia sokoni ikiwa inaongea. Ina maneno saba tu, lakini inayapanga mpaka unahisi kuna jitu mle ndani. Na nyuma ya mchezo kuna mapigo ya moyo, du-dum, du-dum, kadiri unavyocheza yanaenda kasi. Hayo mapigo ndiyo yaliyonifanya nitoe hela.

Sasa nimeyasikia wiki mbili tu. Ilianza kukwaruza, ikafuata kunguruma, halafu sauti zikapotea kabisa. Ukiwasha: vuuuuu, basi. Taa zinawaka, namba zinapanda, vibawa vinapiga, kila kitu kinaenda ila sauti. Nilimpelekea bodi ya sauti fundi mmoja wa redio hapa mjini, akabadilisha aisii (kile kidude cheusi chenye miguu) ya amplifaya, inayokuza sauti, akaweka TDA2003 aliyoitoa kwenye redio ya gari. Mngurumo uko palepale. Akaniambia bodi imekufa, nikatafute nyingine. Nyingine naitafuta wapi mimi, Kabwe?

Lehemu Sitini

Mkuu, bodi haijafa mpaka ipimwe. Kwanza huyo fundi wako usimtukane, kubadilisha TDA2002, ile ya asili ya bodi hiyo, kwa TDA2003 ni sahihi, miguu mitano ile ile na mpangilio ule ule. Kosa lake ni kubadilisha kabla ya kupima.

Ukitaka kujua kama hiyo amplifaya ni mzima, pima mguu wa 5 upate umeme unaoingia, halafu mguu wa 4 ambao ndiyo sauti inapotokea. Mguu wa 4 unatakiwa ukae nusu ya ule wa 5. Kama unaingia 12 pale unaona kama 6. Ukiona 0 au ukiona 12 nzima, hapo ndipo uiseme vibaya.

Na niambie: ukipunguza volyumu (kwenye mashine hizo kitufe kiko ndani ya kimlango cha sarafu), mngurumo unapungua au unabaki vilevile?

Boda Soweto

Iweke bodi kwenye oveni dakika 10 mkuu, mimi laptopu yangu ilipona hivyo.

Lehemu Sitini

Oveni ni ya mikate. Bodi ya 1979 ina soketi za plastiki na kapasita (vikopo vya kutunza umeme) za maji, utatoa kitumbua. Mleta uzi usithubutu.

Mshua wa Mafiati

Nimepima. Mguu wa 5: 11.4. Mguu wa 4: 5.7. Mngurumo haubadiliki hata nikizima volyumu kabisa.

Mlandege Juu

Kamwene wote. Niko Iringa, natengeneza amplifaya za makanisa, pinboli sijawahi kuigusa lakini mngurumo ni mngurumo.

5.7 ni nusu ya 11.4, kwa hiyo hiyo aisii iko hai. Na kama mngurumo haufuati volyumu basi hauingii kwa mbele, unaingia kwa njia ya umeme wenyewe. Usikilize vizuri. Umeme wetu unatikisika mara 50 kwa sekunde. Ukipita kwenye diodi zote (milango ya umeme ya njia moja) unatoka ukiwa na mawimbi 100 kwa sekunde, na kazi ya zile kapasita kubwa ni kuyalaza. Kapasita ikikauka, mawimbi 100 yanakwenda moja kwa moja kwenye spika. Diodi moja ikikatika unapata 50, sauti nzito zaidi, kama lori la mbao linapandisha Kitonga. (Wamarekani wao ni 60 na 120, ndiyo maana ukisoma maelezo yao namba hazilingani na za kwetu.)

Weka mita kwenye AC (umeme unaotikisika), upime juu ya ile kapasita kubwa ya njia ya volti 12. Ikionyesha zaidi ya sehemu chache za kumi za volti, kapasita imekwenda.

Mshua wa Mafiati

Wakuu naogopa. Nimeweka mita AC, nimegusa kapasita, imesoma 26.1!! Kwenye njia ya volti 12! Nimezima kila kitu nikakaa nje.

Lehemu Sitini

Hahaha, rudi ndani. Mita yako ni ile ya njano ya DT830, siyo?

Mshua wa Mafiati

Ndiyo hiyo, nilinunua Sido.

Lehemu Sitini

Basi sikiliza, hili watu wengi linawachanganya. Hizo mita za bei nafuu zikiwa kwenye AC hazizuii DC (umeme ulionyooka, usiotikisika). Ndani kuna diodi moja tu, na mita imepangwa izidishe inachokiona kwa kama 2.2 ili namba ya AC itoke sawa. Ukiipa DC ya 11.4 na mawimbi kidogo juu yake inakuletea ishirini na kitu. Ukigeuza waya, nyekundu kwenye ardhi na nyeusi kwenye chanya, itakusomea 0. Zote mbili ni uongo.

Dawa ni kapasita ndogo isiyo na chanya wala hasi, ya 0.1 au 1 maikrofaradi. Unaiunganisha kati ya waya mwekundu wa mita na sehemu unayopima. DC inagonga mwamba, mawimbi yanapita. Pima upya hivyo.

Na ukiwa humo ndani angalia mikono. Bodi inayoendesha taa za namba ina volti karibu 100. Usichomoe wala kuchomeka konekta yoyote umeme ukiwa umewashwa.

Mshua wa Mafiati

Nimeweka kapasita ya 0.1 niliyoing'oa kwenye redio mbovu. Nikigeuza waya namba haibadiliki sana, kwa hiyo nadhani sasa mita inasema kweli: 2.3.

Mlandege Juu

2.3 ni bahari. Badilisha hiyo kapasita. Volti za mpya zisipungue zilizoandikwa kwenye ya zamani, zikizidi si neno. Maikrofaradi weka zile zile au zaidi kidogo. Na angalia alama ya hasi kabla ya kuchomea, ukiigeuza italipuka usoni.

Chai ya Tukuyu

Mleta uzi, mimi ni wa huko huko ilikotoka hiyo mashine. Kitu kikikaa stoo huku, hata bawaba za mlango zinaota ukungu. Usiishie kwenye kapasita. Angalia pini zote za shaba kama zina rangi ya kijani. Na kwenye bodi kubwa kuna betri tatu za AA, zitoe leo hii kama bado zimo. Maji yake yanakula bodi kimyakimya, na yakishaanza yanashuka mpaka kwenye konekta ndefu inayounganisha na bodi ya chini yake.

Mshua wa Mafiati

Ndaga fijo mkuu. Betri zilikuwemo, mbili zimeanza kutoa unga mweupe. Nimezitoa, nimefuta kwa siki kidogo halafu spiriti. Zilikuwa hazijafika mbali.

Kapasita nimeweka mpya. MNGURUMO UMEISHA. Mita sasa inasoma 0.0 kwa ile njia ya kapasita, na DC imepanda.

Lakini sasa ni kimya. Kimya cha msibani. Mashine inacheza na haisemi kitu.

Lehemu Sitini

Vizuri sana, ugonjwa mmoja umetoka, tumeufikia wa pili. Usikate tamaa, mashine ya miaka zaidi ya 40 haiumwi kitu kimoja.

Fanya mambo mawili. La kwanza, washa, panua volyumu, gusa kwa ncha ya bisibisi ule mguu wa katikati wa volyumu huku kidole kikiwa kwenye chuma cha bisibisi. Ukisikia "vuu" ya mwili wako basi kuanzia pale mpaka spika njia ni nzima.

La pili, kwenye bodi ya sauti kuna kitufe kidogo cha majaribio. Watu wa Williams walikiweka makusudi. Ukikibonyeza kinaiamsha akili ya bodi ya sauti ipige sauti zake yenyewe, bila kusubiri amri kutoka kwenye bodi kubwa. Hicho ndicho kinachogawa kazi mara mbili. Ikipiga, bodi ya sauti ni nzima na ubovu uko kwenye waya za amri. Isipopiga, ubovu uko pale pale kwenye bodi.

Mshua wa Mafiati

Bisibisi: vuu, kubwa mpaka wateja wamegeuka. Kitufe: hakuna kitu.

Lehemu Sitini

Basi tunaingia kwenye akili yenyewe. Tafuta aisii yenye miguu 40 iliyoandikwa 6808 (au 6802, ni ndugu). Hiyo ni kompyuta nzima, kazi yake ni sauti tu. Inasoma programu kwenye ROM (aisii ya kuhifadhia), inatoa namba kwenda kwa aisii ndogo ya miguu 16 iliyoandikwa 1408 ambayo inageuza namba kuwa volti, na hizo volti ndizo zinakuwa sauti. Pima kwanza mguu wa 40, ambao ni wa kuamsha. Ukishawasha unatakiwa upande juu na ubaki juu. Halafu mguu wa 37, saa inayotoka. Mita ya DC itakusomea kama nusu ya 5 kwa sababu umeme unapanda na kushuka muda wote.

Mshua wa Mafiati

Mguu wa 40: 3.9. Mguu wa 37: 2.0. Sijui kama ni nzuri au mbaya. Ningekuwa na osiloskopu, ile mashine ya kuonyesha mawimbi ya umeme, ningeona.

Redio Mbao

Habari zenu vijana. Nimekuwa nasoma huu uzi kimya kimya tangu juzi. Nilianza kutengeneza redio Mbeya kabla ya kaseti kuja, sasa naona kwa jicho moja tu. Osiloskopu ya nini?

Huyo kijana wetu anasema ni 6808. Aangalie kristali pembeni yake, ile kopo la fedha, aniambie imeandikwa nini.

Mshua wa Mafiati

Shikamoo mzee. Imeandikwa 3.579545.

Redio Mbao

Marahaba mwanangu. Gawanya kwa nne. Unapata 0.895, yaani kilohezi 895. Hiyo iko wapi kwenye redio? Katikati ya masafa ya kati, palepale mababu walipokuwa wanasikiliza taarifa ya habari. Chukua redio ndogo ya betri, ile ya mkulima yenye sindano ya kuzungusha, siyo ya namba. Weka AM, sogeza sindano karibu na 900, ibandike juu ya hiyo bodi. Zungusha polepole. Saa ikiwa inatembea utasikia zile kelele za shhh za hewani zinanyamaza ghafla, kama mtu kafunga dirisha. Hapo ndipo saa ilipo. Kaa hapo hapo, bonyeza kitufe chako cha majaribio usikilize. Akili ikiwa inafanya kazi, kelele ndani ya redio itabadilika kila ukibonyeza, itakwaruza, italia. Ikiwa imelala utasikia kitu kimoja tu hakibadiliki.

Boda Soweto

Mzee huyu aisee!!

Mshua wa Mafiati

Wakuu, mzee wetu, nimefanya usiku huu baada ya kufunga. Nimezima friji ili kelele zipungue. Redio ilikuwa inachakarisha shhhhh, nikasogeza sindano, na pale karibu na 900 ikanyamaza. Nikaondoa redio juu ya bodi, ikachakarisha. Nikairudisha, ikanyamaza. Nimerudia kama mara kumi, mke wangu akaniuliza kama niko sawa.

Saa ipo. Nimebonyeza kitufe: hakuna kinachobadilika. Kimya kile kile.

Redio Mbao

Basi moyo unapiga na mtu hajaamka. Sasa achana na redio. Pima umeme wa huyo 6808, lakini siyo kwenye konekta na siyo kwenye njia ya bodi. Weka ncha ya mita kwenye mguu wenyewe wa aisii, mguu wa 8, na nyeusi kwenye mguu wa 1 wa aisii hiyo hiyo. Wengi wanapima pale panapofikika na ncha ya mita, halafu wanashangaa.

Mshua wa Mafiati

Mguu wa 8: 4.2. Kwenye bodi ya umeme inakotoka: 5.03.

Mlandege Juu

Ohoo. Hizo aisii zinataka kati ya 4.75 na 5.25. Kwa 4.2 saa inaweza kwenda na akili isiende. Hata ile 3.9 na 2.0 uliyopima jana sasa inaeleweka, kila kitu kilikuwa chini kidogo na sisi tukaipita. Mimi pia nilizisoma nikanyamaza.

Sasa tafuta 0.8 imeangukia wapi. Umeme ukiwa umewashwa weka ncha moja ya mita kwenye waya unaoingia konekta, nyingine kwenye njia ya shaba upande wa pili wa pini ile ile. Waya na shaba vingekuwa vimeshikana vizuri ungesoma karibu na 0. Palipo na namba ndipo palipo na mwizi.

Mshua wa Mafiati

Nimempata. Waya mpaka kwenye pini: 0.1. Pini mpaka kwenye shaba: 0.6. Yaani pini imechomewa pale pale kwenye bodi na bado umeme haupiti!

Nimeitoa bodi nikaigeuza chini ya taa, nikaazima miwani ya kusomea ya mama mkwe. Kwa macho matupu risasi ya kuchomea (lehemu) inang'aa, huoni kitu. Kwa miwani, kuna duara jembamba kuzunguka pini, kama mtu kalichora kwa penseli. Nikaisukuma pini kwa kijiti cha kuchokonolea meno, ikacheza ndani ya duara lake. Risasi imeganda pembeni, pini iko katikati peke yake. Na siyo moja, safu nzima iko hivyo.

Lehemu Sitini

Hapo ndipo ugonjwa wa mashine hizi ulipo. Mashine inatikisika kila gololi ikigonga, konekta ni nzito, pini zinavutwa miaka yote hiyo. Nyonya risasi yote ya zamani kwanza, usiongezee mpya juu ya iliyokufa. Halafu chomea upya pini zote, hata zinazoonekana nzima. Upande wa waya uliopoteza 0.1 ni kutu, badilisha vile vishikio vya ndani ya konekta kama unavipata, usipovipata safisha kwa spiriti kwa muda.

Boda Soweto

Si apitishe tu waya juu kwa juu kutoka bodi ya umeme mpaka mguu wa 8? Kazi imeisha.

Mlandege Juu

Atapata 5 kwenye mguu wa 8, na ardhi je? Pini za ardhi ziko kwenye safu hiyo hiyo yenye nyufa. Achomee.

Mshua wa Mafiati

Nimekaa kimya siku nne, samahanini. Risasi ya kunyonya ilinishinda, nikamrudia yule fundi wangu wa kwanza. Nimemwonyesha duara kwa miwani. Hakusema kitu, alichukua pasi yake ya lehemu akachomea pini zote bila kunidai hata shilingi.

Mguu wa 8: 4.97.

Nimebonyeza kitufe cha majaribio na mashine imelia wakuu. Imelia kama ng'ombe, kama king'ora, kama sufuria inaanguka ngazini. Na ile redio ya mkulima ilikuwa juu ya bodi bado, nayo ikawa inapiga kelele zake. Fundi alicheka mpaka akakaa chini.

Ila haiongei vizuri. Maneno yanatoka kama mtu ana mafua na mdomo umejaa ugali.

Lehemu Sitini

Maneno yako kwenye bodi nyingine ndogo, imeunganishwa kwa utepe wa waya nyingi. ROM zake zinasomwa na 6808 hiyo hiyo kupitia huo utepe. Sauti ya mtu imehifadhiwa kwa njia ya ajabu kidogo: haiandiki volti, kila biti (0 au 1) inasema tu panda au shuka, panda au shuka, na aisii moja kule inafuata ngazi hizo. Kwa hiyo waya mmoja tu ukishika vibaya, ngazi zinavurugika na unasikia huo ugali. Zima, chomoa ROM moja moja, safisha miguu kwa ufutio wa penseli, rudisha kila moja palepale ilipotoka na upande ule ule. Na ubane vichwa vya utepe.

Mshua wa Mafiati

Ufutio umefanya kazi. Miguu ya ROM ilikuwa myeusi kabisa, sasa myeupe. Inaongea!

Limebaki dogo. Kitufe kikibonyezwa sauti zote zipo. Lakini kwenye mchezo nyingine hazitoki, na gololi ikigonga sehemu fulani inatoka sauti isiyo yake.

Mlandege Juu

Amri za sauti zinakuja kwa waya tano kutoka bodi ya kuendeshea. Kila sauti ni mchanganyiko wa hizo tano, unapata namba mpaka 31. Waya mmoja ukikatika kila sauti inayouhitaji inageuka kuwa nyingine au kuwa kimya. Pima waya zote tano kwa ile alama ya mlio kwenye mita, kutoka konekta mpaka konekta.

Mshua wa Mafiati

Wa tatu. Ulikuwa umekatika ndani ya plastiki yake, milimita mbili kabla ya konekta. Nimeukata, nimeumenya, nimeurudisha.

Jana jioni mvua ya manyunyu, watu watano kibaruani, kijana mmoja anacheza. Alipofikisha gololi ya pili mapigo ya moyo yalianza kwenda mbio, du-dum du-dum du-dum, na mzee aliyekuwa kwenye kona na chai yake akashika kifua akauliza, "Hiyo ni mimi au ni mashine?"

Redio Mbao

Ukipata nafasi Jumamosi niletee hiyo redio ya mkulima niione. Kama sindano ilisimama karibu na 900 na saa ni 895, uso wake bado unasema kweli, na siku hizi hazipatikani.